Kwa Minza, kuhusu ng'ombe walioandikwa kwa jina la Mama Holo

Minza mwanangu,

Mwadila. Naona aibu kidogo kukusalimia kwa karatasi wakati uko mtaa wa nyuma tu hapo, unasukwa nywele za safari. Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma. Tangu juzi nimejaribu kukuambia kwa mdomo haya ninayotaka kuandika, lakini kila nikianza najikuta nakuuliza kama umechukua chaja.

Umeme umekatika. Mashine ya fotokopi imelala, wateja wanachungulia mlangoni, wanaona giza, wanaondoka zao. Kwa hiyo nimevuta kiti karibu na mlango penye mwanga, nikachomoa karatasi kwenye rimu. Mambo ya kula, kufua, marafiki na kanisa, mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara nyingi mpaka nimeyashika na mimi. Sitayarudia. Nina jambo moja, lile la ng'ombe wa Mzee Ng'wandu na Mama Holo. Nataka nilisimulie tangu mwanzo kwa sababu wewe uliona nusu na mimi niliona nusu, na hatujawahi kukaa tukaziunganisha. Na kusema kweli bado sijalielewa vizuri. Labda nikiliandika litanyooka.

Lilianza na karatasi za mnadani. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri mambo ya chuo, unanisaidia hapa dukani. Watu walikuwa wanakuja kuchapisha matangazo ya ng'ombe waliopotea: jike mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika, ana chapa pajani, atakayemwona apige simu. Wanabandika kwenye ukuta wa mnada, upepo wa Bariadi unapita, karatasi inaondoka. Siku moja ulimtazama mzee aliyekuja kuchapisha tangazo lile lile kwa mara nyingine, ukaniambia, "Baba, huyu ng'ombe anapotea kila karatasi ikianguka." Ukasema utatengeneza ukurasa kwenye intaneti, matangazo yakae humo, mtu wa Lagangabilili na mtu wa Mwandoya wasome kwa simu bila kuja mnadani.

Nikakubali. Sikujua nakubali nini.

Ulijifunza kwa video za simu na ile laptop tuliyonunua imeshatumika. Ukaniambia lugha yenyewe inaitwa PHP, na kazi yake inafanyika huko kwenye seva, si kwenye simu ya msomaji. Msomaji yeye anapata ukurasa ulioiva. Hapo nilikuwa bado nakufuata. Nilianza kupotea siku ya ng'ombe wa kwanza. Uliandika neno ng'ombe, skrini ikajaa maneno mekundu. Ukafuta, ukaandika tena, mekundu tena. Ulikaa mchana kutwa hukunywa hata chai. Jioni ukaruka kwenye kiti kama umeumwa na siafu. "Baba, ni ile alama ya juu! Ile ya kwenye ng'!" Ukanieleza kwamba maneno unayafungia ndani ya vialama vya kunukuu, na wewe ulitumia kile kimoja kimoja, basi mashine ikifika kwenye ng ikaona kialama, ikadhani neno limeisha. Huko wanakotengeneza video zao hakuna ng'ombe, ulisema. Tulicheka. Nikafikiria majina yetu yote, akina Ng'wandu, akina Ng'wigulu, kila mmoja na kialama chake, nikaona tuna kazi. Ukabadilisha, ukatumia vialama viwili viwili, ng'ombe akapita.

Ndipo ukaamua kunifundisha na mimi, ili usipokuwepo tangazo lisikwame. Nakumbuka ulivyoketi, ukanigeuzia laptop.

"Hiki kinaitwa kigeu," ukasema. "Ni jina unalokipa kitu, ili baadaye ukikihitaji uite jina tu. Unaandika alama ya dola, jina, alama ya sawasawa, halafu kitu chenyewe, unamalizia na nukta mkato."

"Dola ya nini? Tunalipa?"

"Hatulipi, baba. Ni alama tu ya kusema hiki ni kigeu."

Ukaandika $jina = "Masanja"; nikaitazama kwa muda. Nikakuuliza, kwa hiyo jina ni sawasawa na Masanja? Ukasema hapana, si sawasawa, maana yake ni weka. Kilicho kulia kinawekwa kwenye kilicho kushoto. Nikauliza kama maana yake ni weka, kwa nini wameandika sawasawa. Ukasema, "Sijui, baba. Ndivyo walivyoamua."

Jibu hilo nililipenda. Lilinifanya nione hata wewe kuna mahali unapita tu bila kuelewa. Halafu ukauliza, "Umeelewa?" nikasema, "Nimeelewa."

Minza, nilikuwa sijaelewa. Hapa ndipo ninapotaka usikilize, ingawa sijui nitasema vizuri. Mimi nimefundishwa vitu vichache maishani na wote walionifundisha walikuwa wakubwa kwangu. Babu yako alinifundisha kulima kwa plau kule Sola. Alinishikisha mishikio, akawachapa ng'ombe, wakaenda. Mstari ukipinda alikuwa anatema mate chini, haongei. Kuuliza hakukuwepo. Ukiulizwa umeelewa, unasema ndiyo, halafu unaenda kujifunza kwa kuumia miguu. Kwa hiyo uliponiuliza wewe, mtoto niliyekufunga kamba za viatu, mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Tena nikatikisa kichwa, nikasema, "Rahisi kumbe."

Ukanionyesha mengine. Kwamba huhitaji kumwambia PHP kama kitu ni neno au namba, atajua mwenyewe. Kwamba jina la kigeu haliwezi kuanza na namba. Kwamba ukitaka kitu kionekane unaandika echo. Mimi kila mahali nimeelewa, nimeelewa. Ukaridhika. Ukaenda Sola kumsalimia bibi yako, ukaniachia duka na ukurasa.

Ulikuwa Sola siku Mama Holo alipopiga simu. Sikuwa namjua. Aliniambia ni mjane wa Mwandoya, amepewa namba ya duka na dereva wa lori la pamba. Kuna ng'ombe wawili wameingia kwenye zizi lake pamoja na ng'ombe wake wakitoka malishoni, mmoja jike mwekundu amevunjika pembe ya kushoto, ana mimba. Alishamwambia mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa anawalisha na kuwanywesha, na unajua wakati ule maji yalivyokuwa mbali. Nikamsikia kwa nyuma ndoo inagonga kitu. "Baba," akaniambia, "andika upesi mwenyewe aje awachukue, nyasi zimeniishia."

Pembe ya kushoto. Nikakumbuka hapo hapo: Mzee Ng'wandu, kutoka vijiji vya upande wa Lagangabilili, alikuwa ametangaza jike kama huyo na ndama dume. Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikampigia, simu haipatikani. Nikapiga tena mchana, haipatikani. Nikasema basi, naandika kwenye ukurasa, kijana wake yuko hapa Bariadi na huwa anasoma. Na nilitaka ukirudi ukute nimeweza.

Nikaandika hivi, na nimeirudia kichwani mara nyingi mpaka naweza kuiandika bila kuangalia:

$jina = "Mzee Ng'wandu";
$jina = "Mama Holo";
echo "Ng'ombe wawili, mali ya $jina, wapo Mwandoya, wanatunzwa na $jina.";

Chini yake nikaongeza rangi na ile pembe. Usicheke. Au cheka, lakini nisikilize nilivyofikiria. Nilidhani majina yanapanga foleni. Mzee Ng'wandu ametangulia, kwa hiyo mashine ikifika kwenye jina la kwanza itamwita yeye, ikifika la pili itamwita Mama Holo. Kama watu kwenye zahanati. Ningekuwa nimekuuliza swali moja tu, nikiandika jina mara mbili inakuwaje, ungeniambia kwamba kigeu kinashika kitu kimoja, na ukiweka cha pili cha kwanza hakipo tena. Lakini sikujua kama kuna swali. Hilo ndilo linalonichanganya hadi leo. Mtu anaulizaje kitu ambacho hajui kwamba hakijui?

Na mashine haikulalamika. Ule wekundu nilioutegemea haukuja. Ng'ombe alipita na kialama chake, kila kitu cheupe, kizuri. Mteja akaingia anataka fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, nikamhudumia, sikurudi kusoma nilichokiandika.

Ukurasa ukasema ng'ombe wawili, mali ya Mama Holo, wapo Mwandoya, wanatunzwa na Mama Holo.

Kijana wa Mzee Ng'wandu akausoma. Weka kichwa chako kwenye kichwa chake. Ng'ombe wa baba yake, na pembe imetajwa hapo chini, halafu kuna mama amejitangaza mbele ya dunia nzima kwamba ni wake. Yeye hakunipigia mimi. Alipanda pikipiki akaenda kwa baba yake, na baba yake akakusanya watu, na sungusungu wakawa kati yao.

Nilijua Mama Holo aliponipigia. Sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Baba, umeniandika nini?" Nikasema nimeandika kama ulivyosema. "Umeandika nini? Wamenitoa nyumbani. Wananiita mwizi." Simu ikachukuliwa na mtu mwingine, akaniambia kesho kuna kikao ofisi ya kijiji, na kama mimi ndiye ninayeshirikiana naye nijitokeze.

Nikafungua ukurasa nikasoma. Nikasoma tena. Niliona Mama Holo mara mbili na nikadhani mtu ameingia akabadilisha. Nikafungua faili, Mzee Ng'wandu yupo! Ameandikwa pale pale juu, kwa mkono wangu. Nikafungua ukurasa, hayupo. Nikazima laptop nikawasha. Nikakupigia wewe, sijui nilisema nini, mama yako anasema nilikuwa napiga kelele kwamba mzee amemezwa.

Ulifika Bariadi jioni ile ile, na gauni la kwa bibi, na mahindi ya kuchoma kwenye mfuko. Hukukaa. Ulitazama skrini kwa muda mfupi sana. Nilikuwa nasubiri useme, "Baba, umefanya nini?" Ukasema, "Ooh. Sikukwambia." Kwa sauti ndogo. Ukaweka mahindi kwenye kaunta, ukaanza kulia, na mimi nikawa sielewi unalia nini, kwa sababu nilikuwa bado sijui kosa liko wapi.

Kikao cha Mwandoya ulikiona, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa muda mwingi. Ngoja nikuambie nilichokiona.

Barazani kwa ofisi ya kijiji walijaa. Mzee Ng'wandu amekaa upande mmoja na watu wake. Mama Holo amekaa upande wa pili, peke yake, kwenye benchi ambalo lingetosha watu wengi. Nilikuwa nimetarajia bibi mzee, kumbe ni mama wa umri wangu, amefunga kilemba vizuri kama anakwenda kanisani. Hakunitazama.

Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasimama, nikaanza, "Ndugu zangu, kwenye kompyuta kuna kitu kinaitwa kigeu."

"Kinaitwaje?" mtu akauliza nyuma.

"Anasema kigeugeu," mwingine akamjibu.

Watu wakacheka. Mama Holo akanyanyua uso. "Yaani nimetoka mwizi, sasa naitwa kigeugeu?"

Nikasema hapana mayu, mama yangu, si wewe, kigeu, ni jina, yaani dola, halafu sawasawa lakini si sawasawa, ni weka. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuwapoteza, na mimi mwenyewe nikapotelea humo. Mzee Ng'wandu akasema, "Huyu anatuletea dola za nini?" Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke yule anaitwa mwizi kwa sababu yangu na mimi hata namna ya kulieleza kosa langu sina.

Ukasimama wewe. Sikukuambia usimame. Ukaamkia wazee wote, na vizuri, kama bibi yako alivyokufundisha. Ukasema, "Baba alikuwa na majina mawili ya kuandika. La mwenye ng'ombe, na la aliyewatunza. Akayaweka yote mahali pamoja. Lilipoingia la Mama Holo, la Mzee Ng'wandu likatoka. Mama Holo hakusema ng'ombe ni wake. Alisema wamefika kwake na mwenyewe aje upesi. Sisi ndio tuliomwandika vibaya."

Mzee Ng'wandu akakutazama. "Kwa hiyo, mayu, mashine ndiyo mwongo?"

"Hapana, babu. Iliandika ilichoambiwa."

"Nani aliiambia?"

"Mimi," nikasema.

"Ni mimi," ukasema wewe, "mimi ndiye niliyemfundisha, na hilo sikumfundisha."

"Alinifundisha, mimi ndiye niliyesema nimeelewa."

"Lakini baba, ningekupima kwanza."

Tukaendelea hivyo mbele ya watu, mimi wangu, wewe wako, mpaka Mama Holo akasema, "Nyie mkimaliza kugawana kosa mnipe na mimi nafasi."

Tukakaa.

Alisimama. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya hao hao ng'ombe, watu wa mzee huyu waliponitoa. Leo mmesema, nimewasikia, na Mzee Ng'wandu amesikia. Lakini walionisikia naitwa mwizi si wote wako hapa. Wengine walikuwa wanapita tu njiani. Hao nani atawafuata awaambie?"

Mwenyekiti alikuna shingo. Mimi nilitafuta neno, sikulipata, na sijalipata mpaka leo.

Ukamuuliza, "Mayu, tuandike nini?"

Akasema, "Andika ng'ombe ni wa Ng'wandu. Andika niliwanywesha. Na usiandike Mama Holo. Mama Holo wako wengi. Naitwa Nyanzobe."

Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa sijamuuliza jina lake. Ukaliandika pale pale kwenye simu, ukamsomea, akakurekebisha jina la baba yake, ukamsomea tena. Mzee Ng'wandu alisimama akasema mbele ya wote kwamba amekosea kumwendea na sungusungu kabla ya kumwendea na salamu. Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Yule jike mwekundu akamwachia. "Amekaribia kuzaa," akasema. "Mkamue mpaka ndama akomae, ndipo nitakuja." Mama Holo, yaani Nyanzobe, alishukuru kwa "wabeja" moja tu, akaondoka kwenda kukata nyasi. Hakutuaga mimi na wewe.

Nikadhani limeisha. Mimi huwa nadhani limeisha.

Wewe ulifunga laptop ukaiweka juu ya kabati, chini ya mabango ya kalenda. Ukawa unafanya fotokopi tu, unapiga watu picha za pasipoti, hutanii wateja. Barua ya chuo ilipokuja ukasoma ukaikunja. Ukamwambia mama yako huendi. Ukasema unataka kubaki dukani, na kwamba vitu vya kuandika neno moja halafu mtu mahali pengine anatolewa nyumbani kwake hutaki kuvigusa tena.

Mama yako akanisukuma niongee na wewe. Niongee nini? Nikisema si kosa lako, nilikuwa nakunyang'anya kitu ulichokishika mbele ya watu kwa ujasiri. Nikisema ni kosa lako, si kweli. Nikisema wote hukosea, nilimwona Nyanzobe kwenye lile benchi, na neno hilo lingekuwa jepesi mno. Nilikuwa nakuja mpaka mlangoni kwako, nasimama, nageuka, naenda kumwagilia mchicha.

Kisha mzee mmoja akaja na tangazo la mbuzi. Ulikuwa hapo kaunta, ukaendelea na fotokopi. Nikapanda kiti, nikaitoa laptop, nikapangusa vumbi. Safari hii niliapa kila mtu atakuwa na kigeu chake, mwenye mbuzi wake na aliyemwona wake. Nikaandika $Mwenye, kwa herufi kubwa, kwa heshima, maana alikuwa mzee. Chini nikaita $mwenye kwa herufi ndogo. Skrini ikaniambia kigeu hicho hakijulikani. Nikasogeza uso karibu. Nikaandika upya. Hakijulikani. Nikasema kwa sauti, "Lakini si huyu hapa juu?"

Nikakusikia nyuma yangu. "Baba, herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Hao ni wawili."

"Wawili vipi? Mimi nikiandikwa Baba kwa kubwa au kwa ndogo si ni huyu huyu?"

"Kwa PHP ni wawili."

"Basi PHP haijui heshima."

Ukacheka. Mara ya kwanza tangu Mwandoya. Ukavuta kiti, ukarekebisha, halafu hukuondoka. Siku zilizofuata ukatengeneza ile fomu, yenye nafasi yake ya mwenye mali na nafasi yake ya aliyemwona mnyama, na kabla tangazo halijatoka inamwonyesha mtu alichoandika asome kwanza. Uliniketisha kama mteja, ukaniambia niijaze vibaya makusudi. Niliijaza vibaya bila kukusudia, na ikanikatalia, na tukafurahi wote wawili.

Mama yako na shangazi yako wanasema nilifanya ujanja. Kwamba nilijua, nikakosea makusudi kwenye lile tangazo la mbuzi ili nikurudishe. Wanasimulia mpaka kwa wageni. Ningependa sana kuipokea sifa hiyo, na sijawakatalia kwa nguvu. Lakini wewe nataka uujue ukweli: sikuwa najua lolote. Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli kweli, na wewe ukaja.

Huko chuoni mwalimu atauliza kama mmeelewa na darasa zima litaitikia. Sitakuambia ufanye nini. Nakuambia tu kwamba neno lile lilinitoka mdomoni kwa urahisi sana, na aliyelipia alikuwa mtu ambaye sikuwa hata namjua jina. Tangu siku ile najizoeza kusema sijaelewa. Ni gumu kuliko nilivyodhani. Hasa mbele yako.

Na nitaendelea kulisema, maana bado. Juzi umenieleza kwamba msomaji mmoja akishapata ukurasa wake, vigeu vyote vinaisha, na msomaji mwingine akija vinatengenezwa upya tangu mwanzo. Nikakuuliza vinaenda wapi. Ukasema, "Haviendi popote, baba. Havipo tu." Nimelala na hilo neno. Sijaelewa.

Nyanzobe nilimpigia wiki iliyopita. Jike alizaa, ndama ni dume. Nikamuuliza kama watu bado wanasema. Akasema wapo wanaosema, wapo waliosahau, na wapo waliosoma lile tangazo la pili wakaja kumpa mkono. Akauliza habari zako. Nikamwambia unaenda Dodoma kusomea kompyuta. Kisha akasema, "Aende. Yule anauliza mtu jina lake."

Ngoja, kuna mtu mlangoni.

Nimerudi. Alikuwa ni wewe. Nilimwona binti mrefu amesimama kwenye mwanga, nywele zimesukwa hadi mgongoni, nikasimama nikasema, "Karibu dada, ila umeme hakuna, labda urudi baadaye." Ulinitazama tu. Halafu ukasema, "Baba!" na mimi nikazidi kuchanganyikiwa, nikaficha karatasi hizi chini ya daftari la risiti kama mwizi. Ukaja ukaegemea kaunta. Ukauliza, bila kunitazama, ukichezea kalamu, "Baba, wewe mwenyewe, unataka niende?"

Na mimi nikasema, "Nenda nyumbani ukale, wali utapoa."

Ukaenda. Nimekuona mpaka kona ya fundi cherehani, na nywele zako mpya, na watu wakigeuka.

Nataka uende, Minza. Nataka uende na ninaumia, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na sijui nivipange vipi ili kimoja kisionekane kimekifuta kingine. Ukirudi likizo, kama utakuwa umebadilika tena na mimi nimesimama hapa kaunta nakukaribisha kama mgeni, usikasirike. Usigeuke ukaondoka. Niambie ni wewe. Nitashtuka kidogo, nitauliza maswali ya kijinga, lakini nitaelewa.

Safiri salama, ng'wana wane. Ni mimi baba yako, hapa dukani, penye mwanga wa mlango.